Shahada ya Viraka

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema kuliko zote mwaka huu! Mkuu wa masjala anastaafu mwezi wa sita. Bosi wa idara alituita saa tatu asubuhi, wote sita, tukasimama kati ya rafu na kaunta. Akasema kiti hakitatangazwa nje ikiwa ndani yupo anayefaa. Anayefaa awe na shahada, au alete barua ya chuo yenye mpango wa masomo uliotiwa saini, unaoonyesha atamaliza lini. Mwisho wa kupokea barua ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Wenzangu watano wakatazama viatu vyao. Mimi nikatazama kiti. Kina magurudumu.

Miaka kumi na minne natunza mafaili ya idara ya maji katika chumba hiki. Miaka kumi na minne naitwa Profesa, na si kwa heshima. Ni kwa sababu nimesoma kila kitu na sikumaliza hata kimoja cha maana. Uhasibu, miaka miwili. Ualimu, muhula mmoja. Upimaji ardhi, mpaka mvua zilipoanza. Ushonaji, cheti. Huduma ya kwanza, cheti. Kuogelea, cheti cha kuhudhuria.

Wacheke! Hawajui kwamba vyuo vya siku hizi, vinavyofundisha kwa mtandao, vinapokea masomo uliyosoma kwingine. Kila somo lina krediti zake, yaani vipimo vya uzito wake. Ukifikisha krediti mia na ishirini, shahada yako hiyo. Huanzi upya, unahamisha. Aliyesoma vipande vipande kama mimi ni kukaa na kuvishona tu.

Nimehesabu mchana kutwa badala ya kusajili barua. Jumla: mia na thelathini na moja. Nikahesabu tena. Ni ileile. Maana yake shahada ninayo tayari, ila chuo hakijaarifiwa.

Nilimweleza mke wangu. Akauliza kama na kuogelea nimekuhesabu. Nikasema ndiyo. Akarudi kwenye pasi yake.

Jumanne, 5 Machi

Nimeomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno. (Meno yangu hayana neno.) Nikabaki nyumbani kutuma maombi.

Saa nne nzima! Tovuti ya chuo inakataa picha iliyopinda. Inakataa picha nzito. Inakataa picha yenye kidole. Cheti cha ushonaji kina doa la mafuta ya cherehani mahali penye jina langu, ikabidi niandike maelezo ya doa.

Katikati ya vita hivyo akaja mama mkwe na miwani yake imening'inia kifuani. Anakaa nasi tangu alipostaafu ualimu. Mbele yake mimi huwa sijui mikono niiweke wapi. Nikamwamkia mara ya pili, na asubuhi nilishamwamkia. Akaitika, akavuta kiti, akauliza krediti ni kitu gani.

Nikamweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtu mzima ambaye hatavihitaji vitu hivyo. Nikamwambia hata yeye angeweza kujiandikisha kama angekuwa na umri mwingine. Akauliza umri umeandikwa wapi. Nikatafuta. Haukuandikwa popote. Basi ili nimridhishe nikamfungulia akaunti. Bibi wa watu, apate cha kumchangamsha.

Akaenda chumbani, akarudi na folda ya plastiki. Ndani vyeti vyake vyote, vimenyooka kama vilipigwa pasi. Alituma kwa dakika kumi na mbili. Hakuna kidole hata kimoja.

Jumatano, 6 Machi

Nimeonana na mshauri wa masomo, kwa video, saa ya mapumziko, nikiwa nimejificha nyuma ya rafu ya majalada ya herufi M. Nilitarajia mzee mwenye mvi. Ni binti mwenye vipokea sauti vikubwa masikioni, sauti yake taratibu kama anayembembeleza mgonjwa.

Swali lake la kwanza: nataka shahada gani? Nikamjibu, yoyote itakayopokea krediti nyingi.

Akasema kwanza tuchague shahada, ndipo tujue kipi kinaingia na kipi hakiingii.

"Dada yangu," nikamwambia, "mtu hununua kiatu kwa kufuata mguu. Huo niliokutumia ndio mguu wangu."

"Mguu nimeuona, kaka. Ninachouliza ni unakwenda wapi."

Sikupenda jibu hilo. Akauliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akaandika Shahada ya Usimamizi wa Kumbukumbu. Halafu akaanza masharti. Somo lisizidi miaka kumi. Alama isipungue C. Yaliyofundishwa yafanane na yanayofundishwa kwao, na uthibitisho ni silabasi, ile karatasi inayoonyesha wiki kwa wiki mlisoma nini. Na hata vyote vikitimia, hawapokei zaidi ya krediti sitini.

Sitini! Mimi nina mia na thelathini na moja. Nikamuuliza hizo nyingine nizipeleke wapi. Akasema majibu yatatoka keshokutwa, na nikiwa na swali lolote nimwandikie.

Binti huyu hajui kazi.

Ijumaa, 8 Machi

Tisa.

Sijakosea kuandika. Krediti tisa!

Wametoa na sababu, mstari kwa mstari, kama karani anayekataa barua. Uhasibu wa mwaka wa kwanza: umepitwa na wakati. Uhasibu wa mwaka wa pili: masomo mawili yanaweza kufikiriwa nikileta silabasi. Upimaji ardhi: hakuna mtihani uliofanyika. Ushonaji: hauhusiani. Kuogelea: tunakupongeza, lakini hapana. Zilizopita ni Stadi za Mawasiliano, Kompyuta ya Awali, na kitu kingine ambacho hata sikumbuki kukisoma.

Mshauri ameongeza ujumbe mrefu wa hatua za kufuata. Nilisoma mstari wa kwanza nikaufunga. Sina moyo wa kufarijiwa.

Na hayo siyo yaliyoniuma. Yaliyoniuma yalikuwa mezani, wakati wa chakula. Mama mkwe alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi, kwamba na yeye majibu yake yametoka. Shahada ya Elimu ya Watu Wazima. Krediti arobaini na nane.

Mke wangu akapiga vigelegele. Watoto wakampa bibi yao mkono mmoja mmoja. Nami nikampongeza, maana ni mama mkwe, nitafanyaje? Tabasamu langu nililishikilia mpaka mashavu yakauma.

Akaniuliza zangu ngapi. Nikasema bado zinahesabiwa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepata dawa! Mwenye akili hapigi ukuta, huzunguka nyuma.

Kwenye tovuti kuna kitufe cha kubadili shahada. Ukichagua nyingine, mashine yenyewe inakuonyesha krediti zako zingekuwa ngapi huko. Basi nimeamka mapema, nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nikaanza kuzungukia shahada zote kama mtu anayejaribu kofia dukani.

Lishe: sita. Kilimo: kumi na mbili. Utalii: tatu, tena za huruma. Muziki: kumi na nane! Nikasimama. Kumi na nane, mara mbili ya nilizonazo! Kumbe muhula ule wa ualimu nilisoma uongozaji wa kwaya, nikapata A. Nilikuwa nimesahau.

Nikabonyeza ili nione vizuri. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo, maana nilikuwa na hakika kwamba nataka kuona.

Ikaandika: "Hongera! Sasa wewe ni mwanafunzi wa Shahada ya Muziki."

Nikabonyeza rudi. Ikaandika: mabadiliko yanaruhusiwa mara moja kwa muhula.

Nikabonyeza rudi mara kumi na moja. Nikazima simu. Nikaiwasha. Bado mwanamuziki. Tena somo la kwanza limeshapangwa: Kinanda cha Awali. Mwanafunzi aje na kinanda.

Mke wangu alinikuta nimeshika kichwa. Akauliza kuna nini. Nikasema jua.

Jumatatu, 11 Machi

Maji yako shingoni. Barua inatakiwa Ijumaa, na Bosi hawezi kupelekewa mpango wa kupiga kinanda.

Nilitaka kumwona mshauri. Nafasi yangu ya karibu: Alhamisi. Nafasi ya mama mkwe: leo saa nne! Yeye amejiwekea kila Jumatatu mpaka mwisho wa muhula, kwa kalamu ya bluu, kwenye kalenda ya jikoni. Na leo saa tatu na nusu nikamsikia akisema anakwenda kwa fundi miwani kukaza skrubu; nikaona hawezi kurudi kabla ya saa nne.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikapiga simu kazini. Jino jingine. Nikakaa mbele ya kompyuta ya mama mkwe, kwenye akaunti ya mama mkwe, nikaziba kamera kwa plasta. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: niulize kwa niaba ya "mkwe wangu, kijana mmoja mwerevu sana aliyepata ajali ya kitufe."

Saa nne kamili mshauri akatokea, akamwamkia mama. Nikaitika. Kwa sauti ya mama mkwe. Sijui niliitoa wapi. Ilitoka nyembamba, inatetemeka, inapanda mwishoni.

Akauliza mama ana mafua? Nikasema kidogo, mwanangu, ni hali ya hewa. Nikaanza kumsifu mkwe wangu. Nikasema ni mtu wa bidii, ana heshima, anaonewa. Nilikuwa nimefika kwenye akili zake nyingi nikasikia kikohozi nyuma yangu.

Fundi miwani hakufungua leo.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani. Sijui alisimama tangu lini. Tangu "anaonewa", nadhani. Akasogea taratibu, akabandua ile plasta, akainama mbele ya kamera.

"Hujambo, mwalimu wangu," akamwambia mshauri. "Huyo ndiye mkwe mwenyewe. Msikilize tu, nafasi yangu nampa."

Laiti ardhi ingepasuka! Mshauri aliziba mdomo kwa mkono. Akasema ningejitaja tu angenisaidia. Akasema suala la Muziki lilikuwa dogo, lina fomu ya kutengua ndani ya siku saba, na aliniandikia tangu Jumamosi mchana. Je, sikuusoma ujumbe wake? Nikasema ulikuwa mrefu. Akasema ulikuwa na mistari mitatu.

Nikajaza fomu pale pale, mama mkwe amesimama nyuma yangu ananisomea. Dakika nne. Mimi si mwanamuziki tena.

Mshauri akaniagiza vitu viwili kwa Alhamisi. Kwanza, silabasi za yale masomo mawili ya uhasibu. Pili, maelezo ya kazi ninayofanya kila siku, yatakayotiwa saini na bosi, kwa sababu chuo kina utaratibu wa kutambua uzoefu. Akasema niandike ukweli na niandike kwa ufupi. Akarudia "ufupi".

Mke wangu ameambiwa. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alisema tu kwamba ameolewa na mtu anayemwigiza mama yake sauti, akaenda kuanika nguo.

Jumanne, 12 Machi

Kile chuo cha uhasibu kilifungwa zamani, jengo lake sasa ni ghala la magodoro. Silabasi nitazitoa wapi? Nikawaza, nikapata jibu: mwenyewe nilikaa darasani, mwenyewe nitaziandika! Nikaingia tovuti ya chuo kipya, nikanakili wanachofundisha wao, wiki ya kwanza mpaka ya kumi na tano, nikaweka jina la chuo cha zamani juu. Kurasa nne. Zinafanana kabisa na wanavyotaka. Lazima zifanane.

Ilibaki saini ya mwalimu. Nikamtafuta mhadhiri wetu wa zamani. Ameachana na uhasibu, anauza miche ya miti karibu na njia ya reli. Nilimkuta amechuchumaa kati ya vifuko vya udongo. Nilidhani hatanikumbuka.

"Wewe," akasema, "ndiye uliyejibu mtihani wa ukaguzi wa hesabu kwa shairi."

Nikampa karatasi, nikamwambia asaini tu hapo chini, asijisumbue kusoma. Akatoa kalamu nyekundu nyuma ya sikio. Muuza miche ana kalamu nyekundu ya nini? Akakaa juu ya ndoo, akasoma kurasa zote nne, anakata, anazungushia duara, anaandika pembeni. Mwisho akaandika alama juu, akanirudishia.

Thelathini na nane kwa mia. Nimefeli silabasi niliyoitunga mwenyewe! Chini ameandika: "Wiki ya tisa haiwezi kuja kabla ya wiki ya saba. Aidha, umenakili mpaka anwani ya tovuti."

Nikawa tayari kuondoka. Akasema za kweli anazo, ziko kwenye sanduku la bati ndani, na atanipa nikimaliza kumwagilia safu tatu zile. Nikamwagilia. Suruali ya kazini, viatu vya kazini, mimi na kopo, mpaka safu ya tatu. Akaniletea silabasi mbili, zimepauka lakini zina mhuri, akazisaini upya na kuandika tarehe ya leo.

Nilipomshukuru akasema darasani nilikuwa naye miaka miwili na hiyo ndiyo kazi ya kwanza kuniona nikiimaliza.

Jumatano, 13 Machi

Nimerudi kutoka kazini saa tisa na nusu nimekuta mama mkwe ameketi peke yake kwenye meza ya chakula, karatasi mbele yake. Akaniita. Nikajua siku ya hukumu imefika.

Nikaanza kuomba radhi kabla sijakaa. Nikasema mama, juzi nilikosea, nilikosa adabu, ile sauti...

"Sauti hiyo ndiyo iliyoniuma," akasema. "Mimi sina sauti ya mbuzi."

Akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikujua nicheke au nilie, nikafanya kitu cha katikati.

Kisha akatoa kwenye folda yake barua moja ya zamani, imekunjwa mara mbili. Barua ya kuitwa chuo kikuu. Tarehe yake nimeiona: wiki moja baada ya mke wangu kuzaliwa. Akasema aliisoma akiwa amempakata mtoto, akasema ataenda mwaka utakaofuata. Mwaka uliofuata baba mkwe akahamishwa kikazi. Halafu akaja mtoto wa pili. Akawa anaibeba tu, nyumba hadi nyumba, katika folda hiyo hiyo.

"Sasa unapoona nafuata maelekezo ya yule binti neno kwa neno," akaniambia, "usidhani ni uzee. Naogopa kukosea tena, baba."

Nikamsogezea kikombe chake cha chai karibu. Kilikuwa tayari karibu.

Akachukua kalamu. Akaniuliza nikiingia masjala asubuhi nafanya nini kwanza. Nikamwambia. Halafu nini? Nikamwambia. Mara ngapi faili limepotea? Nikasema halijawahi kupotea. Akainua kichwa. Hata moja? Hata moja, nikasema, mafaili ni kama watoto, huwezi kulala hujui mmoja yuko wapi. Akauliza habari ya mwaka ule bomba lilipopasuka ofisini. Nikamsimulia tulivyohamisha majalada ya rafu za chini, mimi na mlinzi, pekupeku, siku mbili. Idara ya maji kuzama kwa maji! Yote akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, wala hakuongeza chumvi. Ukurasa mmoja.

Nikausoma. Ni kweli tupu. Nikasikitika jinsi ulivyo mfupi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeonana na mshauri, kwa jina langu na kwa sauti yangu. Silabasi moja imepita: krediti sita. Ya pili imefanana vizuri, ila alama yangu ni D. Nikamuuliza kama D ya zamani si sawa na C ya leo, maana kila kitu kimepanda. Akasema hapana.

Kwa hiyo tisa na sita, kumi na tano. Akasema ukurasa wa mama mkwe ni mzuri kuliko yote aliyosoma mwezi huu, bosi akiusaini utapelekwa kwa watahini, na unaweza kuleta ishirini hivi. Akatengeneza mpango wa masomo mbele ya macho yangu, muhula kwa muhula, na saini yake chini.

Mwaka wa kumaliza: wa tatu kutoka sasa.

Miaka mitatu! Nikamsihi aandike mmoja. Akasema akiandika mmoja atakuwa ameandika uongo, na nitakayeumbuka ni mimi. Nikamsihi aandike miwili na nusu, tena kwa penseli. Akanitakia mchana mwema.

Nimekaa na mpango huo tangu saa nane. Bosi gani atampa kiti mtu wa miaka mitatu? Na kile kiukurasa kimoja kitamvutia nani? Eti faili halijapotea! Hilo si ndilo ninalolipwa?

Nimeongeza kurasa kumi na moja. Sikusema uongo, nimeipa kazi yangu heshima yake. Kwamba mimi ndiye mbunifu wa mfumo wa namba za majalada unaotumika mpaka leo. Kwamba nimewahi kushauri wakuu watatu. Kwamba nazifahamu lugha za kigeni (nasoma maelekezo ya mashine ya fotokopi). Ukurasa wa mama mkwe nimeuweka wa mwisho kabisa, kama kiambatisho.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemkabidhi Bosi karatasi zangu saa mbili na nusu. Nilidhani ataziweka kwenye trei la barua zinazoingia. Akafungua pale pale! Akaniambia nikae.

Akasoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Kwenye wa tatu akasimama.

"Mfumo wa namba za majalada," akasema. "Umeubuni wewe."

Nikasema kwa kiasi fulani.

Akageuka, akaonyesha ukutani nyuma yake. Pana cheti ndani ya fremu. Miaka kumi na minne naingia chumba hicho na sijawahi kukisoma. Ni cha ubunifu wa mfumo wa namba za majalada. Kimeandikwa jina lake.

Akaanza kuzitoa karatasi moja moja, bila hasira, kama mtu anayemenya kitunguu. Kumi na moja zote, kapuni. Kila moja ilipoanguka niliona magurudumu ya kile kiti yakizunguka kwenda mbali. Nilishaanza kunyanyuka. Akafika kwenye ule wa mwisho.

Aliusoma polepole. Akaurudia. Akauliza ile siku bomba lilipopasuka, yeye akiwa safarini, ni mimi? Nikasema mimi na mlinzi. Akasema aliambiwa majalada yalipandishwa na "wafanyakazi", hakuna aliyemtajia jina. Akauliza mbona sikusema miaka yote hii. Nikasema sikujua ni jambo la kusemwa.

Akausaini. Akautazama na mpango wa masomo, ule wa miaka mitatu, nikafumba macho. Akasema hivi ndivyo mpango wa kweli unavyokuwa. Wengine wawili wamemletea barua za kumaliza baada ya miezi sita, na vyuo hivyo amevitafuta hajaviona.

Nitakaimu kuanzia mwezi wa sita. Kwa masharti matatu. Nisiache masomo njiani. Nisipeleke tena karatasi yoyote bila kusomwa kwanza na huyo aliyeandika ukurasa huu. La tatu, niende nikatibiwe hayo meno, maana kwa hesabu ya ruhusa zangu sina budi kuwa kibogoyo.

Akauliza ni nani aliyeandika ukurasa huu. Nikasema ni katibu wangu.

Mdomo! Sijui kwa nini. Ulitoka wenyewe.

Nyumbani nilipoingia na habari, mke wangu alizungumza nami kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Mama mkwe alinishika mikono yote miwili. Sikumwambia cheo nilichompa.

Jumatatu, 25 Machi

Watahini wamejibu: ishirini na moja! Jumla yangu thelathini na sita. Mshauri amenipongeza, Bosi amenipongeza, hata wale watano wamenipa mkono.

Nimekaa chini nikatafakari mafanikio haya yametokana na nini, na nimeona wazi. Ni mipango. Mtu asiye na mipango angekubali zile tisa tangu siku ya kwanza.

Sasa muhula umefunguliwa na tatizo limejitokeza mapema. Wananilazimisha somo linaloitwa Stadi za Kujifunza kwa Mtandao. Krediti moja! Mimi, kaimu mkuu mtarajiwa, nifundishwe kusoma ujumbe na kufuata maelekezo! Mama mkwe amelimaliza tangu Alhamisi. Ameniambia ni jepesi, nikae tu nilifanye, kazi yake ni insha ya ukurasa mmoja. Mshauri ameniambia hivyo hivyo.

Hawaoni mbali. Nimegundua kifungu kinachoruhusu mwanafunzi kusamehewa somo akitoa sababu za kuridhisha. Nimeanza kuandika barua ya maombi tangu asubuhi. Nimeambatisha cheti cha huduma ya kwanza. Imefika kurasa tisa na hoja yenyewe bado sijaigusa.